Otomatiki Si Moja: Somo la Giaboksi za Sedani za Petroli na Haibridi

Pita katika maegesho ya chuo kikuu chochote mjini Kampala uhesabu sedani zilizopangwa hapo. Utaona Premio, Allion, Axio, Sylphy na Mark X, na siku hizi utaona pia Camry na Crown za haibridi. Waulize wenye magari hayo giaboksi zao ni za aina gani. Wengi watakujibu kwa neno moja: otomatiki. Jibu hilo si la uongo, ila halitoshi. Chini ya neno hilo moja kuna mashine nne zisizofanana kwa umbo, kwa oili wala kwa namna zinavyoharibika.

Huenda ukauliza: hili lamhusu nini mwanafunzi wa sheria, ualimu au uuguzi? Linamhusu, kwa sababu nyumbani kwetu aliyesoma ndiye anayeitwa. Mzee akipata kiinua mgongo na akataka gari la familia, humwita mwanawe aliye chuoni amsindikize bondini. Huko mzee huangalia rangi, viti na kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi. Giaboksi haiangalii, maana haionekani. Nayo giaboksi ikifa, ukarabati wake unaweza kumeza sehemu kubwa ya thamani ya gari lenyewe, na kiinua mgongo hakilipwi mara mbili. Somo hili basi lina lengo moja: ukilisoma hadi mwisho, uweze kusimama mbele ya gari ukajua ndani yake mna mashine ipi, inataka oili ipi, na inajaribiwaje.

1. Kwa nini gari linahitaji giaboksi?

Tuanze na hesabu ndogo. Tairi la ukubwa wa 195/65 R15, linalovaliwa na sedani nyingi za familia, lina mzingo wa karibu mita 2. Gari likienda kilomita 100 kwa saa hupita mita 1,667 kwa dakika moja, kwa hiyo tairi huzunguka kama mara 833 kwa dakika. Likitambaa ndani ya jamu kwa kilomita 10 kwa saa, tairi huzunguka mara 83 tu.

Injini ya petroli haina uvumilivu huo. Ikishuka sana chini ya mizunguko 600 kwa dakika huzima, na ikipita 6,000 huwa imekaribia ukomo wake. Sasa tuseme tumeifunga na magurudumu kwa uwiano mmoja wa 3 kwa 1. Kwa kilomita 100 injini itazunguka mara 2,500, na hapo ni pazuri. Lakini kwa kilomita 10 itatakiwa kuzunguka mara 250, nayo itazima. Tukiifunga kwa 14 kwa 1, kwa kilomita 10 itazunguka kama mara 1,170, lakini kwa kilomita 100 itatakiwa kuzunguka zaidi ya mara 11,600, na itaharibika kabla haijafika huko.

Kwa hiyo uwiano mmoja hautoshi. Lazima pawe na kifaa cha kubadilisha uwiano gari likiwa linakwenda, na kifaa hicho ndicho giaboksi.

Kuna faida ya pili. Mizunguko ikipunguzwa mara 14, nguvu ya kuzungusha huongezeka karibu mara 14, tukiacha kando kiasi kinachopotea kwa msuguano. Ndiyo maana gari dogo la injini ya lita 1.5 huweza kupanda vilima vya Kampala likiwa na watu watano ndani, mradi liko kwenye gia ndogo. Aina zote tutakazozitaja hufanya kazi hizi mbili. Tofauti yao ni njia tu.

2. Gia za mkono

Hii ndiyo aina kongwe na rahisi kueleweka. Ndani yake mna shafti zenye gia za meno za ukubwa mbalimbali, na dereva huchagua kwa mkono gia ipi ifanye kazi. Kati ya injini na giaboksi kuna klachi, ambayo ni sahani inayobanwa na springi. Ukikanyaga pedali, sahani inaachia na injini inatengana na magurudumu. Ukiachia pedali, inashika tena.

Ubora wake ni kwamba nguvu kidogo sana hupotea njiani, na fundi wa kawaida aweza kuifungua na kuirudisha. Udhaifu wake ni sahani ya klachi, ambayo huliwa kila siku, hasa na dereva anayeegemeza mguu kwenye pedali. Sedani za Japani zinazofika kwetu ni chache zenye gia za mkono. Ukiipata, shukuru kwa wepesi wa matengenezo yake, na uipime klachi kwenye mwinuko.

3. Otomatiki ya hatua

Hii ndiyo inayostahili jina la otomatiki kwa asili. General Motors ya Marekani ilianza kuiuza kwa wingi kwa jina la Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Wazo la kupitisha nguvu kwa njia ya oili ni la zamani zaidi: mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger alilisajili mwaka 1905 kwa matumizi ya meli.

Mahali pa klachi pana chombo ambacho mafundi hukiita toki konveta. Chukua feni mbili uzielekezane. Ukiwasha moja, upepo wake utaizungusha ya pili ingawa hazigusani. Ndani ya toki konveta ni vivyo hivyo, ila mahali pa upepo pana oili. Feni moja inazungushwa na injini, nyingine inazungusha giaboksi, na kati yao kuna gurudumu dogo linaloirudisha oili kwa pembe inayoongeza nguvu wakati wa kuondoka. Ndiyo maana gari la namna hii laweza kusimama kwenye taa likiwa kwenye D bila kuzima: oili inateleza tu. Mwendo ukitulia, klachi ya ndani hufunga feni zote mbili pamoja ili nguvu isipotee.

Nyuma ya toki konveta mna seti za gia za sayari. Gia moja imekaa katikati, nayo huitwa jua. Gia ndogo zinazoizunguka huitwa sayari, na zimeshikwa pamoja na mbebaji. Gia kubwa inayozifunika zote kwa nje huitwa pete. Ukizuia kimoja kati ya vitatu, jua, mbebaji au pete, unapata uwiano fulani. Ukizuia kingine, unapata uwiano mwingine. Kazi ya kuzuia na kuachia hufanywa na klachi ndogondogo zinazosukumwa na presha ya oili, kwa amri ya kompyuta. Shika umbo hili la jua, sayari na pete, kwa maana tutakutana nalo tena kwenye haibridi.

Sedani za zamani zilikuwa na hatua 4, na za baadaye zikawa na 5, 6 au 8. Kwa matunzo mazuri aina hii huishi muda mrefu. Adui zake ni wawili: joto, na oili iliyochakaa au isiyo yake.

4. CVT, giaboksi isiyo na hatua

Hapa wengi ndipo wanapopotea, kwa sababu liva ya gia inafanana kabisa na ya otomatiki ya hatua: P, R, N, D. Ndani ni kitu kingine.

CVT ina puli mbili na mkanda wa chuma. Kila puli ni koni mbili zinazotazamana. Koni zikisogeleana, mkanda hupanda juu na kuzunguka duara kubwa. Zikiachana, mkanda huzama na kuzunguka duara dogo. Puli moja ikifumbwa, nyingine inafumbuliwa, na uwiano hubadilika kidogokidogo bila hatua yoyote. Kampuni ya DAF ya Uholanzi ilionyesha gari la namna hii mwaka 1958, likiitwa DAF 600, na mkanda wake ulikuwa wa mpira. Wa leo umetengenezwa kwa mamia ya vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa juu ya hazi za chuma.

Faida yake ni kwamba injini huachwa izunguke pale inapotumia petroli kidogo, na gari linaongeza mwendo bila kushtuka. Lakini zingatia jambo hili: mkanda haukushikwa na puli kwa meno. Umeshikwa kwa kubanwa tu, chuma juu ya chuma, na kati yao kuna oili. Oili hiyo imetengenezwa ili ilainishe na wakati huohuo isiruhusu mkanda uteleze. Ukimimina oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda hupoteza mshiko wake, huteleza, na hukwaruza uso wa puli. Puli ikishakwaruzika, oili mpya haiwezi kuiponya.

5. Giaboksi ya klachi mbili

Aina hii ni gia za mkono zilizokabidhiwa kompyuta. Klachi moja inashughulikia gia ya 1, ya 3 na ya 5. Nyingine inashughulikia ya 2, ya 4 na ya 6. Ukiwa kwenye gia ya 2, ya 3 imekwisha kuandaliwa inangoja. Kubadilisha gia ni klachi moja kuachia na nyingine kushika, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Volkswagen iliiingiza katika gari la kawaida la kuuzwa mwaka 2003 kwa jina la DSG, na leo utaikuta katika sedani kama Jetta na Passat.

Zipo za klachi zinazooga ndani ya oili, na zipo za klachi kavu. Kavu ni nyepesi na hazipotezi nguvu nyingi, lakini kila gari linapotambaa klachi huwa inateleza na kupata joto, na haina oili ya kulichukua joto hilo. Mwaka 2013 Volkswagen iliyaita gereji magari zaidi ya 380,000 nchini China kwa kasoro za giaboksi za DSG. Anayeishi kwenye jamu ya Kampala kila asubuhi na jioni alifikirie hilo kabla hajavutiwa na wepesi wa gari.

6. Haibridi

Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani mwezi Desemba 1997, na mfumo wake ndio uliokuja kuwekwa katika Camry, Corolla na Crown za haibridi zinazoendeshwa na familia leo. Ajabu yake ni kwamba karibu kila kitu tulichokitaja hapo juu hakimo. Hakuna klachi ya kubadilisha gia, hakuna toki konveta, hakuna mkanda wala puli. Hakuna gia ya rivasi, hakuna staata, hakuna alteneta. Kiini cha mfumo ni seti moja ya gia za sayari na mota mbili za umeme.

Injini imefungwa kwenye mbebaji wa sayari. Mota ya kwanza, ambayo mara nyingi hufanya kazi ya jenereta, imefungwa kwenye jua. Mota ya pili, iliyo kubwa zaidi, inakwenda pamoja na pete, na pete ndiyo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Katika vizazi vitatu vya kwanza vya Prius jua lina meno 30 na pete ina meno 78. Kutokana na meno hayo inapatikana kanuni hii, ambapo kila herufi ni mizunguko kwa dakika:

78 × P + 30 × J = 108 × M

P ni pete, J ni jua, na M ni mbebaji, yaani injini. Tuitumie.

Gari limesimama, kwa hiyo P ni 0. Injini inazunguka mara 1,000 ili kuchaji betri. Basi 30 × J = 108,000, na J ni 3,600. Injini inafanya kazi, jenereta inazunguka, na gari halisogei hata kidogo, ingawa hakuna klachi iliyoachia.

Gari linatambaa kwa umeme peke yake, injini imezimwa, kwa hiyo M ni 0. Pete inazunguka mara 1,000. Basi 30 × J = −78,000, na J ni −2,600. Jua linazunguka kinyume, bila kazi, na injini imelala.

Gari liko barabarani, pete inazunguka mara 1,000 na injini mara 2,000. Basi 30 × J = 216,000 − 78,000, na J ni 4,600.

Umeona? Kompyuta ikibadilisha mwendo wa jua tu, inabadilisha uwiano kati ya injini na magurudumu. Hiyo ndiyo giaboksi yote. Na kwa sababu ya meno hayohayo, nguvu ya kuzungusha ya injini hugawanywa: 78 kwa 108, yaani karibu asilimia 72, huenda moja kwa moja kwenye pete, na asilimia 28 huenda kwenye jua, igeuzwe umeme wa kuisaidia mota ya pili au kuchaji betri. Kwenda nyuma ni kuigeuza mota ya pili izunguke kinyume.

Wauzaji wengine huuita mfumo huu CVT ya umeme, na mnunuzi akisikia CVT hudhani mna mkanda. Hamna. Kwa upande wa gia zenyewe ni mfumo imara. Wasiwasi wake uko kwenye betri kubwa na kwenye upozaji wa vifaa vya umeme.

Wala usidhani kila haibridi ni kama hiyo. Honda Accord ya haibridi iliyotoka mwaka 2013 haina gia za hatua: injini inazungusha jenereta, mota inazungusha magurudumu, na klachi moja huiunganisha injini moja kwa moja na magurudumu kwenye mwendo wa barabara kuu. Honda Grace ya haibridi, sedani iliyotoka Japani mwaka 2014, ina giaboksi ya klachi mbili yenye hatua 7. Hyundai Sonata ya haibridi ya mwaka 2011 ilitumia otomatiki ya hatua 6, mota ikiwekwa mahali pa toki konveta. Kumbe hata neno haibridi halijibu swali letu.

7. Premio mbili, oili mbili

Tulete mafunzo hayo kwenye gari tunalolijua. Chukua Premio mbili za injini ya lita 1.8, moja ya mwaka 2006 na nyingine ya 2008. Jina ni moja na liva ya gia inafanana. Ya kwanza ni ya kizazi cha kwanza, kilichoishia 2007, na ina otomatiki ya hatua 4. Ya pili ni ya kizazi cha pili, na ina CVT. Hata ndani ya kizazi cha kwanza chenyewe, Premio ya lita 2.0 ilikuwa na CVT huku za 1.5 na 1.8 zikiwa na hatua 4.

Sasa magari hayo mawili yafike gereji ambako kuna pipa moja la oili nyekundu, na fundi ana kauli moja: "Hii ni ya otomatiki zote." Premio ya 2006 inataka oili ya jamii ya T-IV au WS, kwa namna kitabu chake kilivyoagiza. Ya 2008 inataka oili ya CVT, aina ya TC au FE. Pipa lile huenda likaifaa ya kwanza. Ya pili litaiharibu, tena si siku hiyohiyo. Itatoka gerejini inakwenda vizuri, na itaanza kulia na kutetemeka baadaye, wakati fundi amekwisha kusahau na mwenye gari anasema CVT ni mbovu kwa asili.

Nissan nazo zina oili zake za CVT, NS-2 na NS-3, na Honda ina HCF-2. Haibridi za Toyota tangu Prius ya kizazi cha pili zinatumia WS, ijapokuwa zinaitwa CVT za umeme. Kwa hiyo usinunue oili kwa rangi wala kwa neno otomatiki. Nunua kwa jina lililoandikwa kwenye kitabu cha gari.

8. Namna ya kuitambua na kuijaribu

Kwanza, soma kibati. Toyota za Japani zina kibati kilichobandikwa chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango, na humo mna mstari wa giaboksi. Herufi ya kwanza ndiyo shabaha yako. K, kama K311, ni CVT. U au A, kama U341E, ni otomatiki ya hatua. P, kama P410, ni haibridi. C au E ni gia za mkono. Piga picha kibati hicho kwa simu, maana ndicho utakachomwonyesha muuza oili.

Pili, fika gari likiwa la baridi. Mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kwa sababu kasoro nyingi hujificha oili ikishapata moto. Liwashe, kanyaga breki, weka D kisha R. Gari likikawia zaidi ya sekunde moja au mbili kushika, au likipiga kishindo, kuna jambo.

Tatu, litoe barabarani ukitazama mshale wa mizunguko. Kwenye otomatiki ya hatua mshale hupanda na kushuka kila gia inapobadilika. Ukiruka juu katikati bila gari kuongeza mwendo, klachi za ndani zinateleza. Kwenye CVT mshale hutulia mahali pamoja huku mwendo ukipanda, na hiyo ni kawaida. Kisicho kawaida ni mtetemeko kwenye mwendo mdogo, mvumo unaokua na mwendo, au mizunguko kupanda na gari likabaki palepale. Kwenye klachi mbili, sikiliza mtikisiko wakati wa kuondoka na wakati wa kutambaa.

Nne, usitosheke na dakika tano. Endesha nusu saa, pitia kwenye jamu na kwenye mlima. Kisha rudia jaribio la D na R gari likiwa la moto.

Tano, tazama oili pale penye kijiti cha kupimia. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, ondoka. CVT nyingi hazina kijiti hicho. Hapo mtafute fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari kabla ya kulipa, si baada ya kulipa.

Sita, kwa haibridi, mashine hiyohiyo isome hali ya betri kubwa, sehemu moja baada ya nyingine. Tafuta tundu la hewa ya betri, ambalo katika Prius na Camry nyingi liko karibu na kiti cha nyuma, uone kama limezibwa na vumbi. Wala usimruhusu mtu yeyote asiyefunzwa aguse nyaya za rangi ya chungwa. Zinapitisha zaidi ya volti 200, na zinaua.

Uganda imezuia tangu 2018 kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini umri wa kibati hausemi giaboksi ilitunzwaje. Kipimo ni chako mwenyewe. Na siku ukiwa wewe ndiye muuzaji, mweleze mnunuzi kasoro unayoijua kabla hajatoa fedha. Kuficha aibu ya bidhaa ni ghushi, hata kama hakukuuliza.

9. Adabu za kuendesha

Gari likishapatikana, haya machache yanaongeza umri wa giaboksi.

Simama kabisa kabla ya kutoka D kwenda R. Ukiegesha kwenye mteremko, vuta breki ya mkono kwanza ukiwa bado umekanyaga breki ya mguu, ndipo uweke P, ili uzito wa gari usining'inie kwenye kipini kidogo cha ndani ya giaboksi.

Usilishikilie gari mlimani kwa kukanyaga mafuta kidogokidogo. Tumia breki. Kwa klachi mbili, hasa kavu, mazoea hayo ndiyo yanayozichoma.

Usiweke N kwenye mteremko ukidhani unaokoa petroli. Injini za kisasa hukata petroli zenyewe unapoondoa mguu gari likiwa kwenye gia. Ukiweka N, injini hurudi kunywa petroli ili isizime, na umepoteza msaada wa injini katika kupunguza mwendo. Kwenye haibridi hasara ni zaidi, kwa kuwa ukiwa N betri haichajiwi. Kwenye miteremko mirefu, kama ile ya Kabale, tumia L, S au B, kwa jinsi liva yako ilivyoandikwa.

Gari likiharibika njiani, usikubali livutwe kwa kamba magurudumu yanayoendesha yakiwa chini. Katika otomatiki na CVT nyingi pampu ya oili huzungushwa na injini, na injini ikiwa imezimwa gia zinazunguka kavu. Katika haibridi magurudumu hayo huizungusha mota nayo ikazalisha umeme. Linyanyuliwe upande huo, au lipakiwe kwenye lori. Kwa sababu hiyohiyo ya pampu, kulisukuma gari la otomatiki ili liwake ni kujichosha bure.

Mwisho, usiamini neno la oili ya maisha. Vitabu vya magari vina ratiba ya matumizi ya kawaida na ratiba ya matumizi magumu, na jamu, vumbi, joto na milima ni matumizi magumu. Fuata ratiba ya pili.

Maswali ya kujipima

1. Gari la mfumo wa Prius lina pete inayozunguka mara 2,000 na injini inayozunguka mara 1,500. Jua linazunguka mara ngapi? (Jibu: 200.)

2. Jirani ana sedani ya Toyota yenye kibati kilichoandikwa K310, na fundi amemwekea WS. Utamshauri nini, na kwa sababu gani?

3. Kwa nini mshale wa mizunguko uliotulia ni dalili njema kwenye CVT, lakini ukitulia kwenye otomatiki ya hatua huku mwendo ukipanda muda mrefu unapaswa kujiuliza kama umeitambua giaboksi sawasawa?

4. Piga simu nyumbani leo. Waulize gari la familia lina giaboksi ya aina gani. Wakikujibu "otomatiki", waombe wakupigie picha kibati.